Ushauri wa Benchi la Fundi

Leo naomba tuzungumze habari ya gari. Najua wapo watakaosema, "Huyu bwana naye, sisi tunapanda daladala, hayo ya gari yanatuhusu nini?" Yanakuhusu. Anayepanda daladala anakaa ndani ya gari la mtu, na gari hilo linaendeshwa kwa ushauri ambao dereva alipewa na dereva mwenzake. Uwe na funguo mfukoni au uwe na nauli tu, safari ni moja.

Nilikuwa Manyovu, wilayani Buhigwe, huko juu kwenye mpaka wetu na Burundi. Kwa asiyepafahamu, Buhigwe ni wilaya changa iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Ni nchi ya vilima, migomba, kahawa na tangawizi, na asubuhi ukungu hukaa mabondeni mpaka mgeni aliyetoka Dar es Salaam anajuta kuacha sweta nyumbani. Nyanda hizo zinapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Tanganyika pale Kigoma mjini liko kwenye mita 770 hivi. Barabara ya kushuka ni ya lami, kilometa 60 kutoka Manyovu mpaka Mwandiga. Inapanda na kushuka, inakata kona, lakini ukifika chini hesabu inabaki ile ile, kwamba umeshuka mamia ya mita.

Gari langu lilikuwa limekata fanbelti. Nikakaa kwenye benchi la fundi, chini ya mwembe, nikisubiri. Benchi la fundi ndicho chuo kikuu cha wenye magari nchini mwetu. Hakidai ada, hakina mtihani, na kila aliyekaa pale ni profesa. Siku hiyo walikuwepo kijana mmoja wa mchomoko, yaani zile gari ndogo zinazobeba abiria vijijini, mzee mmoja aliyewahi kuendesha Peugeot 504 ya abiria kati ya Kasulu na Kigoma enzi hizo, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyeleta Toyota IST yake kutazamwa breki.

Mwalimu ndiye aliyetusimulia. Juma lililotangulia, usiku, jirani yake alimgongea mlango. Mkewe alikuwa na uchungu tangu mchana na zahanati wamesema apelekwe Hospitali ya Maweni, Kigoma. Mwalimu akawasha gari. Nyuma alikaa mgonjwa na mama mkwe wake, mbele akakaa mume. Taa ya mafuta ilikuwa imeshaanza kuwaka, na usiku ule hakukuwa na mahali pa kununua. Wakapita Kalinzi, barabara ikaanza kuteremka kuelekea Bitale. Hapo mwalimu akakumbuka alichoambiwa kwenye benchi hili hili: kwenye mteremko weka nyutro, gari litaserereka lenyewe, mafuta hayataliwa.

Akaweka nyutro. Gari likashika kasi, akakanyaga breki. Likashika kasi tena, akakanyaga tena. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye kona ya nne, alisema, pedali ilishuka mpaka chini kama mtu aliyekanyaga sifongo.

Hapo simulizi naiacha kidogo, maana lazima kwanza tuelewe kilichotokea ndani ya lile gari.

Breki haiondoi mwendo wa gari ikautupa porini. Inaugeuza kuwa joto. Chukua gari lenye uzito wa tani moja na nusu pamoja na abiria, ulishushe mteremko wenye kimo cha mita 300. Nguvu inayotoka katika kushuka huko, kama yote ingegeuzwa joto, ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 10 za maji ya baridi mpaka yatokote. Sehemu ya nguvu hiyo inachukuliwa na upepo na matairi. Nyingine, ikiwa gari liko ndani ya gia, inachukuliwa na injini, kwa sababu magurudumu yanalazimika kuizungusha. Ukiweka nyutro umeiondoa injini kazini. Kinachobaki ni vile vipande vya pedi, kila kimoja hakizidi ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Pedi zikiungua, joto linapanda mpaka kwenye mafuta ya breki. Haya ni mafuta ya namna yake, hayafanani na oili. Yale yanayoandikwa DOT 3 kwenye kopo, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 205. Tatizo ni kwamba yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, hata kama gari limeegeshwa tu. Yakishanyonya unyevu wa kutosha yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyezeka. Mguu unasukuma, mvuke unabonyea, na nguvu haifiki kwenye gurudumu. Ndiyo ile sifongo ya mwalimu. Mafuta yale yanatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Nilimuuliza mwalimu aliyabadilisha lini. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa tarehe ya kuzaliwa ya babu yake.

Kuna ubovu mwingine unaofanana na huo lakini si huo. Pedali inabaki ngumu, mguu unasukuma kwa nguvu zote, na gari halisimami. Hapo mafuta hayana kosa, ni pedi zenyewe zimepata moto kupita kiasi zikawa zinateleza. Dereva anayefahamu tofauti hii atamweleza fundi vizuri, na fundi hatabadilisha kisichohusika kwa gharama yako.

Sasa tuseme ukweli kuhusu ushauri wenyewe. Aliyesema nyutro inaokoa mafuta hakuwa mwongo. Alikuwa anazungumza habari za gari la kabureta. Gari la kabureta likiwa ndani ya gia kwenye mteremko, injini inazungushwa kwa nguvu, na kwa kuzunguka inaendelea kuvuta petroli hata kama mguu umeondoka kwenye pedali ya mafuta. Ukiweka nyutro injini inatulia, inavuta kidogo. Kwa Peugeot 504 hesabu hiyo ilikuwa na maana, na mafuta yalivyokuwa ya shida miaka ya 1980 dereva aliyepata nusu lita ya ziada alionekana bingwa. Breki zilikuwa hatarini vile vile, lakini faida ilikuwepo.

IST haina kabureta. Petroli inapimwa na kompyuta na kunyunyizwa na nozeli. Ukiwa ndani ya gia, kwenye mteremko, umeondoa mguu, kompyuta inaona kwamba magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, basi inakata mafuta kabisa mpaka mzunguko ukaribie kushuka kiasi cha gari lililosimama. Ukiweka nyutro, injini isizimike lazima ilishwe. Kwa maneno mengine, mwalimu yule kwenye mteremko mkali wa Kalinzi alikuwa anatumia mafuta kwa sababu alikuwa anajaribu kuyaokoa. Nami nisijifanye mtakatifu. Nilifundishwa kuserereka na dereva wa gari la ofisi nikiwa mwandishi chipukizi, nikafanya hivyo miaka mingi, na nikawafundisha wengine.

Tairi likitengenezwa leo linapigwa muhuri ubavuni wenye tarakimu nne. Ukiona 2319 ujue ni juma la 23 la mwaka 2019. Fundi wa pancha anaisoma hiyo namba na kukwambia tairi hili limezeeka, usilinunue hata kama kashata zake bado ziko juu. Ushauri wa benchini haupigwi muhuri. Unatoka kwenye 504 unaingia kwenye IST, unatoka kwenye Land Rover unaingia kwenye Noah, na hakuna anayeuliza ulizaliwa lini.

Chukua themostati. Ni kidude kidogo kinachokaa kwenye njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ili ipate moto haraka, ikifika nyuzi 80 na kidogo kinafungua maji yaende rejeta yakapoe. Mafundi wetu wengi wana desturi ya kukiondoa. Watakwambia, "Hiki ni cha Ulaya kwenye theluji, nchi ya joto hakina kazi." Desturi hiyo nayo ina asili yake. Watu walijaza rejeta maji ya kisima na ya mtoni, kutu na udongo vikakwamisha themostati ikiwa imefunga, gari likachemsha, gasketi ya silinda hedi ikaungua. Fundi akaona heri kung'oa.

Lakini hebu fikiri, Buhigwe saa kumi na mbili asubuhi, ukungu, baridi inauma, na unaambiwa ni nchi ya joto. Injini isiyo na themostati inachelewa kupata moto, na kompyuta ikiona injini ni baridi inazidi kuipa petroli. Mwenye gari anakuja kulalamika benchini kwamba gari lake linakunywa, na benchi linamshauri aweke nyutro kwenye mteremko! Unaona jinsi ushauri mmoja unavyozaa mwingine.

Dawa ya ule ubovu wa zamani ilikuwa maji safi yenye ile dawa ya rejeta ya kuzuia kutu, na themostati mpya ikikwama. Jambo jingine ambalo watu wa nyanda za juu wanapaswa kulijua ni kwamba kwenye mita 1,500 maji hayasubiri nyuzi 100 yachemke, yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kinachoyazuia ndani ya gari ni kifuniko cha rejeta, ambacho kwa kushikilia mgandamizo hupandisha kiwango hicho mpaka karibu nyuzi 120. Kifuniko kikichoka mpira wake, au ukikibadilisha kwa mfuniko wa kubahatisha uliofungwa na kitambaa, umeondoa ngao yote. Nimeona watu wakinunua rejeta nzima wakati ubovu ulikuwa kifuniko. Na ni hicho hicho ambacho mtu akikifungua gari likiwa la moto kinamrushia mvuke usoni. Lizime, lisubiri nusu saa, hata kama abiria wanapiga kelele.

Kijana wa mchomoko naye alikuwa na lake. Betri yake ilikuwa imekufa, na wenzake walikuwa wamelisukuma gari mteremko mzima mpaka sokoni wakitaka liwake. Halikuwaka. Katika nchi ya vilima kuwasha gari kwa mteremko ni desturi, watu huegesha wakitazama chini kwa makusudi. Kwa gari la gia za mkono ni sawa. Gari la otomatiki haliwaki hivyo hata ukalishushe mpaka ziwani, kwa sababu pampu inayosukuma mafuta ndani ya gia boksi inaendeshwa na injini, na injini imezima. Bila mafuta yale gia haishiki. Kwa sababu hiyo hiyo, kulivuta otomatiki kwa kamba kutoka Manyovu mpaka Kasulu, magurudumu yanayoendesha yakiwa chini, ni kuitwanga gia boksi kavu. Utafika na gari lenye ubovu wa betri ukiwa umenunua ubovu wa gia boksi. Libebwe, au magurudumu yale yainuliwe, au tafuta betri ya kuazima. Yule kijana alinyamaza, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Na likivutwa mara moja tu?" Nikajua limeshavutwa.

Mtu atauliza kwa nini watu hawaendi kwa wakala mwenye mashine za kupima wakaachana na benchi. Wakala yuko wapi? Ukiwa Munanila au Muyama, benchi ndilo wakala. Na shida ya mafuta ni ya kweli kabisa. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kila wilaya ina mstari wake kwenye jedwali, na kadiri unavyokaa mbali na bandari ndivyo nauli ya lori inavyoongezwa kwenye lita yako. Buhigwe ni mwisho wa nchi. Tena tangu mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa na badala yake kodi ya mafuta ikaongezwa shilingi 40 kwa kila lita. Aliyesoma bajeti hiyo ni Dakta Philip Mpango, wakati huo Waziri wa Fedha na Mipango, mwana wa Buhigwe hii hii. Kwa mwenye gari bovu lililolala uani ilikuwa nafuu kubwa. Lakini gari linalopanda vilima vya kwao linakunywa lita nyingi kuliko la Dodoma tambarare, kwa hiyo linachangia zaidi. Simlaumu mtu anayetafuta namna ya kubana.

Abane, lakini abane mahali panapobanika. Upepo wa matairi upimwe angalau mara mbili kwa mwezi. Themostati irudishwe. Mizigo isiyo na kazi ishuke kwenye buti, maana kwenye mlima kila kilo inalipiwa. Na petroli ya kidumu kando ya njia iogopwe. Huko nyuma watu walizoea kuchanganya mafuta ya taa kwa sababu yalikuwa rahisi, ndipo mwaka 2010 mafuta yakaanza kutiwa alama maalumu ya kuyatambua, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili tamaa hiyo ipungue. Ilipungua, lakini kidumu kina mengi zaidi ya mafuta ya taa, kina maji na uchafu, na nozeli hazisamehe kama kabureta ilivyosamehe.

Nisisahau mawe. Lori likiharibika, utingo anapanga mawe nyuma ya magurudumu na kukata matawi kuyaweka barabarani kama alama. Matawi nayaelewa, ingawa sheria inataka pembetatu zinazong'aa. Lakini gari likishatengenemaa wanaondoka, mawe wanayaacha katikati ya lami, na usiku yanasubiri mtu kama mwalimu wetu. Hili halina maelezo ya kiufundi.

Tumrudie mwalimu. Pedali imezama, kona inakuja. Alifanya mambo matatu na yote yalikuwa sahihi, ingawa anasema hakujua anafanya nini. Hakuzima gari. Angelizima, usukani ungekuwa mzito na breki zingekosa hata ule msaada mdogo uliobaki, na angezungusha funguo mpaka mwisho usukani ungeweza kujifunga. Aliirudisha gia kwenye D, kisha akaishusha kwenye 2, kisha L. Hizo herufi na namba ambazo wengi wetu tunazipita kila siku bila kuziuliza, na kwenye baadhi ya magari utaona S na B, ndizo zinazoiambia gia boksi iishikilie injini ilizuie gari. Injini ikapiga kelele ya kutisha. Mama mkwe akaanza kusali kwa sauti. Halafu akavuta hendibreki polepole huku kidole kikiwa kwenye kitufe chake, ili aweze kuiachia magurudumu yakitaka kujifunga. Kwa magari mengi ya namna ile hendibreki inavutwa kwa waya, haitegemei mafuta ya breki, kwa hiyo ilikuwa bado nzima. Gari likapungua, likapungua, likasimama kwenye kipandio, likitoa harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

Walisubiri pale kandokando ya barabara, gizani, mgonjwa akiugulia, kwa muda ambao mwalimu anausema kuwa kama saa moja. Pedali ikarudi. Wakashuka na gia ya 2 mpaka chini. Mtoto alizaliwa Maweni kabla hakujapambazuka, wa kike, na mama yake mzima.

Mwalimu alipomaliza, benchi lilikuwa kimya. Kisha akamgeukia yule mzee wa Peugeot. "Mzee wangu, shikamoo tena. Si kwamba nakulaumu, lakini ushauri ule wa nyutro ulinipa wewe."

"Marahaba, mwalimu," alijibu mzee. Hakukataa, na hapo nilimheshimu. "Nilikupa mimi. Nimeutumia miaka ishirini, na nimewapa wengi." Akainuka taratibu, akaenda mpaka kwenye IST, akachungulia dirishani kwenye wenzo wa gia. "Hii L unayoisema iko wapi? Nionyeshe."

Mwalimu akamfungulia mlango. Mzee akaketi kwenye kiti cha dereva, akawa anasukuma wenzo mbele na nyuma, D, 2, L, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Halafu akasema fundi akimaliza breki wateremke wote wawili mpaka Kalinzi, anataka aisikie hiyo kelele kwa masikio yake, maana kesho mwanawe anashuka na Noah Kigoma na alishamwambia aweke nyutro. Mwalimu akatoa simu yake akampa. Mzee akapiga hapo hapo, akiwa bado amekaa ndani ya gari.

Fundi akaniita. Fanbelti ilikuwa tayari. Kabla sijalipa nilimwomba anifungulie kopo jipya la mafuta ya breki.